Bustani wakati wa baridi Lubumbashi: ukiwa na nguvu kidogo, uchague kazi ipi?

Mvua ikishakatika mwishoni mwa Aprili, bustani za Lubumbashi hubadilika sura. Mji uko juu, kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi, na usiku wa Juni na Julai baridi inaweza kushuka chini ya digrii 10. Mchana jua linawaka, anga haina hata wingu, na udongo mwekundu unaanza kupasuka. Mahindi yamekwisha kuvunwa. Magugu yamelegea. Watu wengi hufunga jembe na kungoja mvua ya Oktoba au Novemba, na wengine hufanya kinyume chake: wanajaza lupango kabichi, karoti na saladi, kwa kuwa mboga hizi hazipendi joto na mvua nyingi.

Kati ya makundi hayo mawili kuna watu ninaowafikiria ninapoandika haya. Mama ambaye magoti yanamsumbua. Mzee aliyestaafu ambaye daktari amemwambia atembee na kunyoosha mikono lakini asinyanyue kitu kizito. Dada anayepata nafuu baada ya kuugua. Baba anayerudi kazini jua likiwa limebakiza saa moja. Hawa hawataki kulima eka. Wanataka kazi nyepesi, yenye faida, isiyowaacha wamelala na maumivu ya kiuno kesho yake. Kazi za namna hiyo zipo kadhaa wakati huu, ila hazilingani, na ile inayoonekana nyepesi kuliko zote mara nyingi ndiyo inayochosha zaidi.

Tuta la mboga au majani makavu?

Nianze na kazi ambayo karibu kila mtu huichagua: kutunza tuta la mboga. Kupanda ni kwepesi, kupalilia wakati wa baridi ni kwepesi pia, na kula kabichi ya mkono wako ni furaha. Uzito uko kwenye maji. Mita moja ya mraba ya mboga katika kiangazi chetu hutaka lita 4 hadi 5 kwa siku. Tuta la upana wa mita 1 na urefu wa mita 10, ambalo kwa macho ni dogo tu, linakula lita 40 hadi 50 kila siku, yaani bidoni mbili au mbili na nusu za lita 20. Bidoni moja iliyojaa ina kilo 20. Zidisha kwa miezi miwili na nusu inayohitajika mpaka kabichi ifunge kichwa, na hapo hatuzungumzii tena kazi nyepesi. Kama kisima kiko mwisho wa barabara, au bomba linatoa maji usiku tu, tuta hilo litamshinda mwenye magoti mabovu kabla ya Julai kwisha, na kabichi zitabaki ngumu na chungu.

Upande wa pili kuna kazi isiyohesabiwa kuwa ni bustani hata kidogo: kukusanya majani makavu. Mwembe, mparachichi na mpera hudondosha majani mfululizo katika kiangazi, na kila asubuhi mitaa ya Katuba, Kenya na Kampemba hufagiwa. Kisha rundo linawashwa kiberiti. Moshi wa asubuhi ya baridi haupandi, unalala chini na kuingia vyumbani, na kile ambacho udongo wetu unakihitaji kuliko kitu kingine kinapotea nao. Kinachobaki ni majivu, ambayo yana chokaa na potashi kidogo, lakini naitrojeni na ile hali ya udongo kuwa laini na kushika maji vimekwenda.

Nikizilinganisha kazi hizi mbili kwa mtu mwenye nguvu kidogo, jibu langu halina shaka: majani kwanza. Gunia lililojaa majani makavu mtoto wa miaka 10 analibeba. Kazi hii haikuiti kila siku. Ukiumwa wiki nzima, hakuna kinachokufa. Haitaki maji mengi, haitaki pesa, na faida yake inaonekana mvua inaporudi, wakati ambapo tuta lililolishwa majani linashika unyevu na la jirani linatoa tope na kupasuka.

Hata hivyo sisemi uache mboga. Punguza tu ukubwa. Mita mbili za mraba karibu na mlango wa jiko zinatosha vitunguu vya majani, selari na saladi ya kuchuma, na zinataka lita 8 hadi 10 tu, ambazo unaweza kuzileta kwa arozwari ndogo isiyojaa, kwa safari mbili tatu. Maji yaliyosuuzia mboga au mchele yanafaa hapo pia. Mwagilia asubuhi jua likishapanda, usingoje jioni. Majani yanayolala yameloa katika baridi ya usiku hushikwa na ukungu. Mwezi wa Septemba joto linaporudi ndipo jioni inakuwa wakati mzuri.

Jambo moja linalosahaulika: sisi tuko kusini mwa ikweta, kwa hiyo mwezi Juni jua la saa sita linapita upande wa kaskazini. Ukuta unaotazama kaskazini unapata jua mchana kutwa na kutunza joto, na ule unaotazama kusini unakaa kivulini na kugandisha miche. Tuta dogo la baridi liwekwe mbele ya ukuta unaotazama kaskazini. Hilo peke yake ni sawa na kuongeza mbolea.

Majani ukishayapata: mboji au matandazo?

Hapa watu huchanganyikiwa, maana vyote viwili vinaanza na gunia lile lile.

Mboji ni kuyaozesha majani mahali pamoja hadi yawe udongo mweusi. Unapanga tabaka: majani makavu sehemu mbili au tatu, kitu kibichi sehemu moja, kama maganda ya ndizi, mabaki ya sombe, magugu ambayo hayajatoa mbegu, au samadi ya kuku na mbuzi. Lundo la mita moja kila upande likipangwa vizuri hupata joto ndani, na joto hilo linaweza kuvuka digrii 50. Likianza Juni huwa tayari kwa mvua. Ugumu wake ni mambo mawili. La kwanza, kiangazi hukausha lundo, na lundo kavu haliozi. Linakaa tu pale kama lilivyo. Lazima uliangalie: shika konzi moja ya katikati uibane. Inatakiwa iwe kama nguo uliyoikamua, yenye unyevu lakini isiyotiririsha maji. La pili, kugeuza. Kugeuza lundo la mboji kwa uma ni kazi ya mgongo hasa, na ndiyo sababu siipendekezi kwa mwenye matatizo ya kiuno, labda akubali kutoligeuza kabisa. Lisipogeuzwa litaoza, ila polepole, na huenda likafika Desemba. Watu wengi hawasemi hivyo, wanaandika kana kwamba mboji isiyogeuzwa ni bure. Si kweli.

Katika hali ya hewa yetu shimo ni bora kuliko lundo la juu, kwa sababu linashika unyevu. Kina cha nusu mita kinatosha. Funika kwa gunia kuukuu au majani ya mgomba. Majani ya mwembe ni magumu na yana nta, yavunjevunje kwanza kwa kuyakanyaga gunia likiwa limefungwa. Majani ya mkalitusi uyaache. Na majivu yako ya makala yasiguse samadi mbichi: vikikutana, naitrojeni hupanda hewani, utaisikia kwa harufu kali puani.

Matandazo ni rahisi zaidi: unayatandaza majani juu ya udongo, basi. Unene wa sentimita 5 hadi 10 unatosha. Udongo ulio chini yake haupigwi na jua, maji uliyomwaga jana bado yapo leo, na magugu hayaoni mwanga. Kwa mwenye nguvu kidogo, matandazo yanafanya kazi mbili kwa wakati mmoja, maana yanapunguza pia zile bidoni. Kinachoyapa tabu hapa kwetu ni mchwa. Huu ni mji wa vichuguu, na majani makavu ni chakula chao. Mtu anatandaza Jumatatu, wiki ya pili anakuta vumbi na vijia vya udongo. Nafuu yake ni kutandaza nyembamba mara kwa mara badala ya nene mara moja, kutandaza baada ya kumwagilia, kuacha nafasi ya kiganja kuzunguka shina la mti mchanga, na kutolundika kamwe majani kwenye ukuta wa nyumba au karibu na milango ya mbao. Kuku nao watayachakura. Vijiti vichache vilivyolazwa juu huwapunguzia hamu.

Nikibanwa nichague moja, ningempa mama mwenye magoti matandazo chini ya miti ya matunda, ambako hakuna kuinama kwingi: unamwaga gunia na kusambaza kwa reki ya mpini mrefu ukiwa umesimama. Mboji ningempa mzee mwenye afya ya wastani ambaye anapenda kitu cha kukiangalia kila baada ya siku chache. Mboji ina mvuto wake. Asubuhi ya Julai ukifunua gunia na mvuke ukakupiga mikononi, unaelewa kwamba kuna viumbe hai wanaofanya kazi mle ndani.

Kitalu au mbegu?

Hizi ni kazi za kukaa. Zote mbili unaweza kuzifanya kwenye kiti, juani, ukizungumza na wajukuu. Tofauti ni uangalizi.

Kitalu ni sawa na mtoto mchanga nyumbani, hakikubali uondoke siku tatu. Miche inataka maji kidogo kila asubuhi, kivuli kidogo saa sita, na kufunikwa usiku. Kijenge juu: sanduku la mbao lililowekwa juu ya matofali hadi usawa wa kiuno, ili usiiname. Funika kwa gunia lililotandazwa juu ya fito, usiligusishe kwenye majani, na ulifunue mara jua linapotoka. Ukichelewa kufunua, au ukimwagilia kupita kiasi, utakuta miche imelala chini ghafla, majani bado mabichi, ila shina limesinyaa na kuwa jembamba pale linapogusa udongo. Huo ni ugonjwa wa ukungu, na mche ulioanguka hauinuki. Toa miche iliyoanguka na udongo unaoizunguka, punguza maji, acha hewa ipite.

Wengi hukosea kwenye kuchagua mbegu ya kusia. Kabichi, kabichi ya Kichina na saladi huota vizuri hata Juni. Nyanya husitasita udongo ukiwa baridi, na pilipili husitasita zaidi: mbegu zinakaa wiki mbili tatu bila dalili, mwenyewe anakata tamaa na kuongeza maji, zinaoza. Nyanya na pilipili zingojee mwanzo wa Agosti. Lengalenga na dongodongo zingojee joto kamili.

Kazi ya mbegu haina haraka hivyo. Wakati huu mimea ya msimu uliopita imekaukia shambani na ndiyo inayotoa mbegu. Chukua kichwa cha lengalenga kilichokauka, kiinamishe juu ya sinia na ukisugue kwa vidole. Makapi na mbegu vinashuka pamoja. Puliza taratibu kutoka pembeni, huku ukiitikisa sinia: makapi yanaruka, mbegu nyeusi zinazong'aa zinabaki. Ni ndogo sana, gramu moja ina mbegu zaidi ya elfu, kwa hiyo vichwa viwili vizuri vinatosha nyumba nzima na majirani. Maharage chagua punje moja moja, tupa zenye tundu la fukusi, changanya na majivu makavu, weka kwenye chupa na uizibe. Kibwabwa utakipata mwakani kutokana na mbegu za boga ulilokula leo, ukiziosha na kuzianika kivulini.

Na zile mbegu kuukuu zilizobaki kwenye makopo? Zijaribu sasa, usingoje mvua ikukute. Hesabu 10, zifunge kwenye kitambaa chenye unyevu, ziweke mahali pa joto jikoni, tazama baada ya wiki. Zikiota 7 au zaidi, ziko sawa. Zikiota 5, panda mara mbili. Chini ya hapo, mpe kuku, mradi haikuwa mbegu ya dukani iliyopakwa dawa. Mbegu za chotara za dukani usijisumbue kuzitunza kizazi cha pili, kwa sababu hazizai zinavyofanana na mama yao. Na kabichi haitakupa mbegu hapa, inataka baridi ndefu kuliko tuliyo nayo.

Kwa hiyo: uko nyumbani kila siku, kitalu. Unasafiri, una kliniki, au siku zako hazitabiriki, mbegu.

Kuna kazi moja ndogo iliyo katikati ya hizo mbili ambayo naipenda kuliko thamani wanayoipa watu, nayo ni kuhifadhi kamba za matembele. Kiangazi huua viazi vitamu, na mvua inapoanza kila mtu anatafuta kamba za kupanda, hazipo au ni ghali. Panda vipande 20 mahali penye kivuli na unyevu, kwa mfano pale maji ya kuogea yanapotiririkia, uvilinde na mbuzi. Mpaka Oktoba utakuwa na kamba zako, za kugawa pia, na majani ya kupika katikati.

Kupogoa: hapana, kwa sehemu kubwa

Baridi huwafanya watu washike mikasi na mapanga, kwa kuwa hakuna kingine cha kufanya na mti unaonekana umelala. Kwa mwembe hili ni hasara tupu. Mwembe unatoa maua kati ya Juni na Agosti, na maua yako kwenye ncha za matawi. Ukikata ncha, umekata maembe ya Desemba. Upogolewe baada ya kuvuna. Mparachichi nao ukifunuliwa sana, gome lake huungua kwa jua kali la Septemba. Michungwa na milimau iko na matunda sasa, chuma kwanza, kisha toa matawi makavu na machipukizi yanayopanda wima kutoka shinani. Mawaridi yanakubali kukatwa mwishoni mwa Julai, na hiyo ni kazi nyepesi kweli: mkasi mkali, kiti, asubuhi moja. Kwa mwenye umri, mpaka ni ule mkono unapofika ukiwa umesimama chini. Ngazi isiingie.

Kunoa majembe na kupaka mafuta mipini ni jioni moja tu, haihitaji kulinganishwa na chochote.

Kabla hujachagua, jua uko upande gani wa mji

Hili linabadilisha hesabu yote. Tanuru la kuyeyushia shaba lilianza kazi mwaka 1911, mwaka mmoja tu baada ya mji kuanzishwa, na kwa miongo mingi moshi wake ulibebwa na pepo za kiangazi zinazovuma kutoka kusini-mashariki. Ndiyo maana udongo wa kaskazini-magharibi mwa bomba lile refu la moshi wa tanuru, kuelekea Penga Penga, umebeba shaba, zinki, risasi, kadimi na kobalti, na sehemu nyingine mimea haioti kabisa. Mboga za majani kama lengalenga huvuta metali hizi kuliko mimea mingi ya matunda. Anayeishi huko asichague tuta la chini. Kwake gunia ndilo jibu: gunia la kilo 50 lililojazwa udongo ulioletwa kutoka mbali na samadi iliyooza, lenye nguzo ya kokoto katikati ya kupitishia maji. Majani ya kufagia barabarani nayo asiyatumie kwa mboji ya mboga, yana vumbi lile lile. Ayaweke chini ya maua.

Kwa wengine pia gunia lina faida, kwa kuwa unachuma bila kuinama. Ila linakauka haraka kuliko tuta, na upepo wa Agosti hulifyonza pande zote. Kama maji yako ni ya kubeba, gunia moja au mawili, si sita. Na popote unapoishi, mboga za msimu wa vumbi zioshwe kwa maji zaidi ya mara moja kabla ya kuingia sufuriani.

Ukipata mtu wa kukusaidia Jumamosi moja

Kijana wa nyumbani akikuambia, "Mama, kaa, niambie nifanye nini," usimpe kazi unazoziweza. Mpe zile nzito zote kwa siku hiyo hiyo. Achimbe shimo la mboji. Alete udongo wa kichuguu toroli mbili: una mfinyanzi na chokaa kuliko udongo wetu wa kawaida, ambao ni mchachu, na ndoo moja iliyosambazwa kwa kila mita ya mraba huusaidia sana. Avunje mabonge yake kabisa, maana yakikauka ni matofali. Ajaze magunia pale pale yatakapokaa, kwa sababu gunia lililojaa halihamishiki. Apange matofali ya kitalu hadi kiunoni mwako, apime kwa kukusimamisha wewe hapo, si kwa kiuno chake. Na asogeze pipa la maji lifike karibu na tuta, akilijaza kabla hajaondoka.